Tambi za Kupalia za Bi Biasha

Bi Biasha wa Mbuchi alikuwa mwanamke wa kelele. Kuku akiingia jikoni, kelele. Kuni zikija mbichi, kelele. Hata akifurahi, majirani wa upande wa pili wa mkondo walijua. Kwa hiyo asubuhi ile, Mwinyimvua wa Chumbi alipopiga hodi uani na Bi Biasha akamtazama tu kimya, tangu utosini hadi unyayoni, Mwanaidi alijua mambo ni mazito. Alikuwa mke wa Tamimu, mtoto wa Bi Biasha, na huyo mgeni mlangoni alikuwa baba mzazi wa Mwanaidi.

Baba gani sasa! Mwinyimvua waliyemjua wao alikuwa pande la mtu, mkulima wa mpunga ambaye akikohoa shambani ndege wote huruka. Aliyesimama pale alikuwa mifupa iliyovikwa shuka. Alikuwa amefichwa chini ya makuti ndani ya mtumbwi wa muuza chumvi, akateremka mto namna hiyo mpaka huku kwenye mikoko, kwa sababu kule juu askari wa Mdachi walikuwa wamechoma maghala yote, na watu walikuwa wanachimba mizizi. Na bado, mifupa ile ilisimama wima. Hakuomba hata maji.

"Karibu, mkwe," Bi Biasha alisema mwishowe. "Tamimu, mkaribishe baba yako chumba cha ndani. Mpe uji mwepesi, usimpe kitu kizito kwanza."

Akageuka, akaingia jikoni. Basi. Hakuuliza habari za safari, hakuuliza habari za nyumbani.

Sasa lazima niseme kwa nini, maana asiyejua atamwona Bi Biasha mkorofi, na mimi sitaki mtu amwone mkorofi. Mumewe, marehemu Mwinjuma, alikuwa na duka juu ya mto. Vita vilipoanza, watu waliokunywa dawa ya maji waliteketeza maduka yote ya watu wa pwani, wakisema hao ndio wanaofanya biashara na Mdachi. La Mwinjuma likaungua pamoja nayo. Alirudi Mbuchi na kanzu aliyoivaa, akaingia kitandani na homa, na Ramadhani iliyofuata haikumkuta. Na Mwinyimvua, je? Mwinyimvua alikunywa dawa ile. Hakuna aliyekuwa hajui. Kama alikuwapo dukani siku ile au hakuwapo, hakuna aliyemuuliza, wala yeye hakupata kusema, kwa kuwa tangu msiba ule hakuwahi kutia mguu Mbuchi.

Leo katia. Na kama nyumba hii isingempokea, pa kwenda hakuwa napo. Askari walikuwa kwenye kila kivuko, wakimkamata kila mtu wa juu asiye na mwenyeji wa kumsemea, wakimfunga kamba shingoni. Tamimu angeweza kumsemea kwa akida wa Mdachi, naye akasikilizwa. Lakini Tamimu hawezi kumsemea mtu ambaye mama yake hakumpokea. Mwanaidi alilijua hilo kama anavyolijua jina lake.

Mchana ulipogeuka, Bi Biasha akafungua mdomo.

"Leo tutapika tambi za kupalia. Johari, mshike yule jogoo mwekundu. Mwanaidi, chukua mbuzi ukune nazi, chagua zilizokomaa."

Johari, binti yake, kata ya maji ikamponyoka.

"Tambi zipi, Mama? Zile za Baba?"

"Kwani humu ndani kuna tambi nyingine?"

"Mama! Tambi za Baba umlishe huyu?"

"Huyu nani?" Bi Biasha akamkazia macho. "Ana jina. Mshike jogoo."

Tambi zenyewe zilikuwa kwenye mtungi uvunguni mwa kitanda chake. Alizisokota kwa vidole vyake mwenyewe kabla ya vita, kutokana na unga wa ngano ambao Mwinjuma aliuleta kutoka Unguja, akazianika kwenye ungo mpaka zikakauka kau, akazihifadhi na pilipili manga zisiingie wadudu. Zilikuwa za Idi. Idi mbili zilipita na Bi Biasha hakuugusa mtungi. Wala unga wa ngano haukuonekana tena sehemu zile. Tambi zile zikiisha, zimeisha.

Mwanaidi alikaa kwenye mbuzi akakuna nazi, lakini macho yake yalikuwa kwa jogoo. Na hapa mnisikilize vizuri, maana ndipo roho yake ilipokuwa imening'inia. Kwao Chumbi, na hata huku Mbuchi, mkwe akija huchinjiwa kuku, na firigisi ni yake. Si ya mtoto, si ya mpishi, ni ya mkwe. Firigisi ikiwa mbele yake, amekaribishwa na nyumba ni yake. Isipokuwapo, hakuna atakayemtukana wala kumfukuza. Atakula matonge machache kwa adabu, atanawa, atashukuru, atashika njia. Na hakuna atakayemuuliza kwa nini anaondoka, kwa kuwa kila mtu amekwisha elewa. Mwinyimvua alikuwa mtu wa kushika mambo hayo hata afe. Afadhali kamba ya askari shingoni kuliko kulala kwenye nyumba isiyompa firigisi.

Na nyumba hii ilikuwa na habari yake na firigisi. Tangu Mwinjuma afariki, hakuna aliyeila. Kuku wa kwanza baada ya arobaini, Bi Biasha alimpa Tamimu firigisi, maana ndiye mkubwa wa nyumba sasa. Tamimu akaisukuma pembeni, akasema, "Hiyo ya Baba." Kutoka siku hiyo, kila kuku akichinjwa, firigisi hufungwa ndani ya jani la mgomba ikapelekwa kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, sadaka ya marehemu.

Mwanaidi mwenyewe alimchambua yule jogoo. Alipasua firigisi, akatoa mchanga, akabandua lile ganda la njano, akaiosha kwa ndimu mpaka ikang'aa. Akaiweka kwenye kisahani juu ya jiwe la kusagia, peke yake, mahali ambapo hata kipofu angeiona. Kisha akamtazama mavyaa wake. Bi Biasha hakutazama huko hata kidogo. Alikuwa anavunja tambi vipande vipande juu ya ungo, polepole, kama anayepembua mchele wa mgeni.

Sasa niacheni niwaambie alivyopika, kwa sababu mpishi wa namna ile sisi hatumwoni tena, na Mwanaidi, pamoja na hofu yake yote, alisahau kufumba mdomo.

Kuku alichemshwa na tangawizi na mdalasini mpaka nyama ikawa inaachia mfupa yenyewe. Bi Biasha akainyambua yote kwa mikono, nyembamba nyembamba, akatupa kila mfupa. Samli ikayeyushwa kwenye sufuria ya shaba, tambi zikamiminwa, na hapo mwiko ukaanza kazi. Wapishi wengine huzikaanga tambi huku wakipiga soga. Yeye alinyamaza, ameinamisha sikio, kwa sababu tambi alizipika kwa kuzisikiliza. Zikiwa mbichi zinachakacha. Zikiiva zinapunguza sauti. "Sasa!" akasema, na Johari alipochungulia, zote zilikuwa rangi moja, rangi ya asali, hakuna iliyoungua hata moja. Johari, aliyekuwa amenuna, akajikuta anaguna kwa kukubali.

Likaingia tui jepesi la kuzilainisha. Kisha kitunguu kilichokaangwa, iliki, pilipili manga ya kutwanga. Halafu likaja tui zito, kasimile yenyewe, lile la kukamua mara ya kwanza kwenye kifumbu bila hata tone la maji. Hilo alilimwaga kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukikoroga upande mmoja tu, pole, pole, jiko likijaa harufu ambayo Mwanaidi hakuwa ameinusa tangu siku ya harusi yake.

"Mama," Mwanaidi akathubutu, "nyama yote unaichanganya humo?"

"Yote."

"Hata paja? Hata kidari? Hutamwekea mgeni..."

"Sikiliza, mwanangu." Bi Biasha hakuacha kukoroga. "Baba yako ana njaa ya miezi. Mtu mwenye njaa ukimwekea paja zima mbele za watu unamwaibisha. Atalitazama, na watu watamtazama akilitazama. Akilila haraka, aibu. Akilila polepole, anateseka. Tambi za kupalia hazina paja wala shingo. Kila tonge lina kuku ndani yake, na hakuna anayejua nani kala ngapi. Tena ni laini, halitamuumiza utumbo. Umeelewa?"

Mwanaidi alielewa. Akainama kukusanya vifuu asionekane. Yeye alikuwa mtoto wa yule mzee, na jambo hilo halikumpitia akilini. Huyu mama mwenye kelele, mjane wa Mwinjuma, alikuwa amekaa asubuhi nzima kimya akiliwaza. Mwanaidi alimpenda wakati ule kuliko siku zote tangu aolewe. Alitaka kumshika miguu.

Akainua macho kwenye jiwe la kusagia. Kisahani kilikuwa kitupu.

Aliangalia chini ya jiwe, akaangalia nyuma ya mtungi, akaangalia kwenye mifupa. Haimo. Paka alikuwa amelala juani, mdomo mkavu. Akamvuta Johari pembeni.

"Firigisi iko wapi?"

"Mie nitajuaje?"

"Wewe ndiye uliyekwenda nje sasa hivi."

"Nilikwenda kumwaga manyoya! Ala! Unaniita mwizi wa firigisi mie? Kama haipo imepelekwa ilikozoea kwenda. Ya Baba ile, au umesahau?"

"Johari, ndugu yangu, leo kuna mkwe ndani ya nyumba!"

"Mkwe, mkwe! Duka la Baba lilipoungua, huo ukwe ulikuwa wapi?"

"Mtanikatia tui langu!" Bi Biasha akapaza sauti, kelele zake zimerudi sasa. "Mkitaka kugombana nendeni mkagombane kisimani. Mwanaidi, lete makaa ya vifuu. Johari, piga mayai."

Wakanyamaza. Mwanaidi alichota makaa huku machozi yanamdondoka, akasingizia moshi. Kumuuliza mavyaa wake hakuweza. Utamuulizaje mjane, umempa nani sadaka ya mumeo? Na ana haki gani ya kuidai? Bi Biasha ametoa tambi, ametoa jogoo, ametoa akili yake yote. Labda hapo ndipo mkono wake ulipofika mwisho. Labda hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kusema: nitakulisha ushibe, kisha uende. Mwanaidi hakumlaumu. Lakini alianza kumuaga baba yake moyoni, na kila kaa aliloliweka alikuwa anamuaga.

Tambi zilihamishiwa kwenye chungu kipana cha udongo kilichopakwa samli. Bi Biasha aliwageuzia mgongo kwa kitambo akizipanga na kuzisawazisha. Mayai yakamiminwa juu, kifuniko kikawekwa, makaa machache chini, makaa mengi juu. Huko ndiko kupalia: moto unashuka kutoka juu, uso wa chakula unakauka na kupanda rangi, na ndani mnabaki mororo. Ukizidisha makaa unapata mkaa. Ukipunguza unapata uji. Bi Biasha alikaa kwenye kibao, akawa anapitisha kiganja juu ya kifuniko, anaongeza kaa hapa, anaondoa pale, jasho linamtiririka. Alipofunua, uso wa chungu ulikuwa kama mkate, wa dhahabu, umepasuka kidogo katikati na kasimile inatokota kwenye ule ufa.

"Mtume!" Johari akasema. Alisahau kabisa kununa.

Bi Biasha alichukua jani moja bichi la mdimu, akalichomeka ukingoni.

"La nini hilo?" Johari akauliza.

"Urembo."

Chungu kikawekwa juu ya sinia. Mwanaidi alipotaka kukizungusha apate mahali pazuri pa kushika, akapigwa kofi mkononi. "Kiache kilivyo! Tamimu! Njoo uchukue. Jani lielekee kwa mkwe, umesikia? Likielekea kwako, mie na wewe leo."

Wanaume walikula chumba cha ndani baada ya magharibi, Tamimu na mkwewe, taa katikati. Wanawake walikaa nyuma ya pazia la mlango. Mwanaidi alipata tundu.

Alimwona baba yake akitazama chungu kile. Alimwona anatafuta. Macho yake yalipita juu ya ule uso wa dhahabu, yakazunguka sinia, yakatazama kando ya sinia, kama kuna kisahani. Hakuna kisahani. Hakuna paja, hakuna shingo, hakuna firigisi. Mwinyimvua alivuta pumzi. Akasema bismillahi, akamega kidogo kwenye ufa wa katikati, akala. Alifumba macho alipotafuna. Akamega tena kidogo. Na tena. Kisha, Mungu wangu, mtu yule mwenye njaa ya miezi akarudisha mkono wake, akanyoosha kwa adabu kuelekea bakuli la kunawia.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mmenikirimu. Mwambie mama yako nashukuru sana. Kabla giza halijakaza nitakwenda kumtafuta yule mwenye mtumbwi."

Mwanaidi akauma upindo wa kanga yake asilie kwa sauti.

"Mkwe!"

Ilikuwa sauti ya Bi Biasha, nyuma ya pazia, kali kama ya sokoni. Mwanamke hapazii sauti chumba cha wanaume, lakini huyu alikuwa Bi Biasha.

"Naam, mkwe wangu."

"Kwenu Chumbi mgeni anakula katikati ya sinia? Hukufunzwa kula mbele yako?"

Mwinyimvua, aibu imemshika, akarudisha mkono kwenye chungu. Akavunja ule uso wa juu mbele yake, pale penye jani la mdimu. Vidole vikazama kwenye tambi laini. Vikasimama.

Alipoutoa mkono, ilikuwa imelala kiganjani, imeiva, imejaa kasimile, nzima.

Aliishika tu, kichwa kimeinama, na mabega ya yule mzee yakaanza kucheza. Mwanaidi hakupata kumwona baba yake akilia, si kwenye njaa, si kwenye msiba. Sasa alikuwa analia mbele ya mkwewe, hajali.

"Tamimu, mwanangu," akasema. "Siku lile duka linaungua mimi nilikuwa ng'ambo ya mto. Niliuona moshi. Nilijua ni duka la nani. Sikuvuka."

Taa ilipepea. Nyuma ya pazia Johari alikuwa amemshika Mwanaidi mkono, amembana mpaka anamuumiza, na Bi Biasha, aliyekuwa ameketi macho sakafuni bila kuchungulia, akainuka akarudi jikoni.

Mwinyimvua akaikata firigisi vipande viwili kwa vidole. Kimoja akakiweka upande wa Tamimu.

"Siku ya posa yenu, kule kwangu, kabla hatujawa wakwe, baba yako nilimgawia hivi hivi. Alisema hajapata kuona mtu anayegawa firigisi yake. Kula."

Tamimu alikitazama kile kipande. Alikitazama sana. Kisha akakitia mdomoni, akatafuna, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni, naye akasukuma bakuli la kunawia mbali, nyuma yake, ambako mkono wa mgeni usingelifikia.

"Kula, Baba," akasema. "Usiku huu huendi popote. Kesho nitakwenda na wewe kwa akida mwenyewe."

Mwinyimvua akala. Sasa ndiyo alikula, kwa tonge kubwa, na hakuna aliyejua kala ngapi.

Mwanaidi alirudi jikoni. Bi Biasha alikuwa amemtangulia, amekaa kwenye kibao chake mbele ya makaa yaliyokwisha fifia, mikono imejaa masizi.

"Ameiona?" akauliza, bila kugeuka.

"Ameiona, Mama."

"Amegawa?"

Mwanaidi alishangaa. Alidhani ni yeye tu na baba yake walioikumbuka ile posa.

"Amegawa. Nusu kampa Tamimu. Na Tamimu kaila."

Bi Biasha akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyengoja mgeni wa mbali sana hatimaye akamwona njiani. Akajifuta uso kwa kiganja, masizi yakabaki shavuni. Tangu siku waliyomzika Mwinjuma, hiyo ndiyo mara ya kwanza Mwanaidi kumwona akilia, na Bi Biasha alilia bila kelele yoyote.

Halafu akapiga chafya, akasimama.

"Haya! Johari, kakitandike kitanda cha baba yako, mgeni atalala hapo. Na weye Mwanaidi, umesimama unanitazama nini? Wakimaliza niletee kile chungu. Ukoko wa chini ni wangu, na nitakayemkuta anaukwangua, leo nitamtoa meno."

Johari alikwenda kutandika. Alitoa shuka safi, lile la Idi, bila kuambiwa.